Muulize Shangazi wa Kinanda: traki 34, uji mmoja

Kabla ya barua, tangazo. Mwezi huu nimeletewa tena barua mbili za wachumba waliopotea. Jamani, shangazi wa mapenzi ana ukurasa wake. Mimi ni yule wa vinanda, wa Tanga, niliyepiga taarabu jukwaani miaka 18 na sasa napigia chumbani kwangu, nikiwa na sinthesaiza tatu (vitengeneza sauti vya umeme), laptopu moja na paka asiyependa besi.

*Shikamoo Shangazi. Mchana mimi ni fundi simu hapa Morogoro, usiku natengeneza muziki wa elektroniki chumbani. Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kinanda kidogo cha vibonye 25 cha kuchomeka USB, na sinthesaiza za bure za kupakua, Vital na Surge XT. Nimetengeneza kipande kisicho na maneno, nikaweka tabaka juu ya tabaka mpaka traki, yaani njia za sauti, zikafika 34. Nikisikiliza moja moja, kila traki inanisisimua. Nikiwasha zote, unakuwa uji. Washkaji wanasema niongeze besi. Nimeongeza, spika inanguruma tu na laptopu inakwama. Nimekutumia faili lote. Nakosea wapi?*
*Fundi Simu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Faili lako nimelisikiliza mara tatu: kwa spika, kwa hedifoni, na mara ya tatu kwa redio ya jikoni huku nakuna nazi. Kwenye redio ndiko lilikokiri kila kitu.

Nimezihesabu traki zako. Ngoma 12, besi 3, madoido na sauti za kudonoa 10, na zile sauti ndefu za kutandikwa chini ya wimbo, ambazo mimi huziita mikeka, 9. Mikeka yote tisa inabonyeza kodi ileile (nasema kodi ya muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, si ya TRA), palepale katikati ya kinanda, kwa wakati uleule. Unasema kila mmoja ukiwa peke yake ni mtamu. Lazima uwe mtamu, maana ulipokuwa unautengeneza ulikuwa umeizima mingine minane. Kila mmoja umeupa kifua, umeupa kichwa, umeupa mng'aro, umeufanya uweze kushika ukumbi peke yake. Halafu umewaingiza wote tisa kwenye chumba kimoja. Pale kati ya Hz 200 na 500 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa mingi, sauti inapanda) ndipo wanapobanana, na hapo hapo pana udi, pana sauti ya mwanamume, pana mkono wa kushoto wa kila mpiga kinanda duniani. Sikio haliwezi kuwatenganisha, linasikia mvumo tu.

Sasa hiyo besi. Washkaji zako wamesikia pengo, na pengo lipo kweli. Dawa ndiyo waliyoikosea. Besi zako zote tatu zinapiga A ya chini, ile ya Hz 55. Spika za laptopu hazishuki huko, kwa hiyo unaongeza kitu usichokisikia, nacho kinakula nafasi mpaka kila kilichobaki kinasongwa. Halafu mbili kati yake umezilegeza, yaani umezitofautisha kidogo noti, ili "zinenepe": moja iko Hz 55, nyingine 55.5. Ukilegeza sauti za juu hivyo zinameremeta. Huku chini, tofauti ya nusu Hz maana yake ni kwamba kila baada ya sekunde 2 mawimbi yanapishana na kufutana. Besi yako inakuja na kuondoka kama umeme wa mgao.

Bakiza moja. Iongezee ukwaruzo kidogo, ule wa kuichafua kwa makusudi, ili izae sauti za juu yake, Hz 110, 165, 220. Hizo redio ndogo inazitoa, na sikio la msikilizaji litaijaza ile 55 lenyewe hata kama spika haikuitoa. Sikio ni karimu sana ukilipa pa kuanzia.

Mimi haya nimefundishwa na ufukara. Mashine yangu ya kwanza ya kurekodia nyumbani ilikuwa ya kaseti, traki 4, aliniletea binamu yangu kutoka Muscat. Ukijaza traki 3, unazichanganya ndani ya ile ya nne, unazifuta, unaanza upya juu yake. Ukishafanya hivyo hakuna kurudi. Besi ikizidi, imezidi maisha. Alasiri moja nilikuwa narekodi mkeka kwa maikrofoni niliyoiweka mbele ya spika, jirani akaanza kutwanga kisamvu. Mchi ukaingia kwenye kaseti. Nilinuna kama nusu saa, kisha nikahesabu: mapigo 96 kwa dakika, sawia kuliko mpiga ngoma wa bendi yetu. Nikaacha kununa nikakijenga kipande juu ya kinu kile. Kinu, mkeka mmoja, besi, na sauti ya kudonoa. Tabaka 4. Nimetengeneza vingi baada ya hapo kwa vifaa bora mara mia, na bado watu wakija nyumbani ndicho wanachoniomba nakala.

Na kama kinu cha Tanga hakikutoshi kuwa ushahidi: Wendy Carlos alipoitengeneza kule New York albamu yake ya muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani, iliyotoka 1968, sinthesaiza yake ya Moog ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati. Akitaka kodi ya noti 3, anarekodi mara 3 kwenye mashine ya utepe ya traki 8. Mtu aliyelipia kila noti kwa jasho hilo hawezi kuitupia pale bila kazi. Wewe noti inakugharimu kubofya tu, ndiyo maana zimekuwa nyingi.

Kwenye faili lako nilifanya hivi. Nilizima zote. Nikawasha besi moja na ngoma kuu, nikasikiliza mpaka nikatikisa kichwa. Kisha nikaingiza traki moja moja, naiacha ipite mara mbili, naizima. Nikiizima nisiikumbuke, haikurudi. Traki 19 sikuzikumbuka. Zimebaki 15: besi 1, mikeka 2, ngoma 8, za kudonoa na madoido 4. (Ngoma sikuzigusa sana, ngoma unazijua. Nimetoa tu yale makofi manne uliyoyapandanisha. Ni kofi lilelile ulilolipa majina manne.)

Ile mikeka miwili nimeigawia kazi. Kodi yako ni A mdogo: A, C, E. Besi tayari imeshika A, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu mwingine kuishika. Mkeka wa chini nimeuachia C na E tu, nikakata kwa filta kila kitu chake kilicho chini ya Hz 250. Ukiuwasha peke yake utauona umekonda na mkono utakuwasha uurudishie mwili. Usiguse! Mwili wake ni ile besi. Mkeka wa pili nimeupandisha oktavo moja (vibonye 12 juu), nikaupa G na B ambazo hukuwa nazo kabisa. Hizo ndizo zinazokifanya kipande chako kisikike kama usiku badala ya kengele ya shule. Yote miwili nimeifanya iingie polepole, sekunde 1.5 nzima, ili sauti za kudonoa zipate kusikika mbele yake. Zile za kudonoa ni kinyume: zianze papo hapo, zife ndani ya milisekunde 300.

Utaniuliza, sasa utajiri uko wapi, si nilitaka matabaka? Kaa usikilize kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club cha Unguja wakipiga utangulizi kabla mwimbaji hajasimama. Fidla, ganuni, akodiani na udi zinapiga wimbo mmoja. Lakini fidla inavuta. Ganuni noti ndefu inaitetemesha, kwa kuwa nyuzi zake hazikawii kunyamaza. Udi unaruka noti moja na kulipa mbili mbele ya safari. Wimbo mmoja, nguo nne. Sisi watu wa pwani tumekuwa tukipanga matabaka namna hiyo kabla kompyuta haijafika. Basi ichukue melodi yako, inakili kwenye sinthesaiza 3. Ya kwanza iache kamili. Ya pili ibakizie noti ya mwanzo wa kila kipimo (mapigo manne), ndefu, oktavo moja chini. Ya tatu itie vikorombwezo mwishoni mwa mstari na uicheleweshe milisekunde 20 au 30, kama mpiga fidla aliyekuwa anamtazama mwenzake. Hapo una matabaka matatu, na hakuna linalomkanyaga mwenzake.

Kitu kimoja kimenichosha zaidi ya uji. Lupu zako zote, vile vipande vinavyojirudia, ni za vipimo 4, na kwa mwendo wako wa mapigo 90 kwa dakika, sekunde ya 11 nilikuwa nimeshajua kitakachotokea sekunde ya 100. Besi na ngoma ziache kwenye 4. Sauti ya kudonoa ipe lupu ya vipimo 3, mkeka wa juu ipe 5. Zitarudi kuanza pamoja baada ya vipimo 60, yaani dakika 2 na sekunde 40, karibu urefu wa kipande chenyewe. Usiogope kwamba watu watapotea. Mtu aliyekua anasikia ngoma za kwetu, tatu ikitembea juu ya mbili, hesabu hiyo anayo kwenye mabega. Na ule mwangwi wa kurudia uliouweka kwenye melodi, uweke milisekunde 500. Kwa mwendo wa 90 hiyo ni robo tatu ya pigo, kwa hiyo unadondokea kwenye mianya badala ya kuikalia melodi kichwani.

Kuhusu laptopu kukwama: traki ukishairidhia, igeuze iwe faili la sauti la kawaida, uizime sinthesaiza iliyoitoa. Kompyuta itapumua, na wewe utaacha kuzungusha vidude vya traki uliyoimaliza wiki iliyopita. Wakati wa kurekodi weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) kwenye 256, ambayo ni kama milisekunde 6 tu. Wakati wa kuchanganya ipandishe 1024. Itachelewa kama milisekunde 23, ungekuwa unapiga kinanda ungeona umebonyeza leo inalia kesho, lakini kwenye kuchanganya haikusumbui. Mita ya mwisho isivuke desibeli -6. Nitumie tena ukimaliza, na usiniambie ulitumia plagini (programu za nyongeza) zipi.

*Shangazi, salaam aleikum. Marehemu babu alikuwa mpiga udi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nataka kutengeneza muziki wa elektroniki wenye rasti na bayati, zile mizani za noti za Kiarabu, ndani yake, lakini nikipiga kwenye sinthesaiza mamangu anasema "hicho ni cha kanisani". Sina hela ya kinanda cha Kiarabu.*
*Mjukuu wa Udi, Mombasa*

Waaleikum salaam, mjukuu wa watu. Mama ana sikio, msikilize.

Kinanda chako kimegawa oktavo vyumba 12, na E ya rasti inaishi ukutani, katikati ya vyumba viwili. Rasti ukiianzia C, noti mbili zina shida: E na B. Zote zishushwe kama senti 50, ambayo ni nusu ya hatua ya kutoka kibonye kimoja kwenda cha jirani. Bayati ukiianzia D, ni E peke yake. Surge XT, hiyo ya bure, inakubali kupakiwa faili la mizani, na kinanda chako kikawa cha Kiarabu bila kununua kitu. Kama sinthesaiza unayoitumia haina mlango huo, fanya nilivyofanya mimi miaka mingi: nakili traki. Traki ya kwanza futa E zote (kwa rasti, futa na B). Ya pili bakiza hizo tu, halafu shusha sinthesaiza nzima senti 50. Zikicheza pamoja hakuna atakayejua ni wawili.

Ila hiyo 50 usiishike kama msahafu. E ya rasti hukaa juu kidogo kuliko E ya bayati. Jaribu -40 kwa rasti na -55 kwa bayati, kisha tafuta kwa sikio. Kama kuna kaseti yoyote ya babu nyumbani, hiyo ndiyo rula yako. Weka noti yake ndefu moja, wewe shusha na kupandisha mpaka ule mtetemo kati yenu utulie.

Matabaka sasa. Usitandike kodi chini ya rasti. Kodi ya C ina E ndani yake, na E ya kodi ikigongana na E ya babu ndipo mama anaposikia kanisa. Tandika C na G tupu, au D na A kwa bayati, na mkeka ufanye uzungumze kwa kufungua na kufunga filta polepole badala ya kubadilisha noti. Zima pia ile athari ya kulegeza na kunenepesha sauti kwenye traki ya melodi, kwa sababu inayumbisha noti huku na huku na kuufuta ule ufa mdogo ulioutafuta usiku kucha. Kwenye ngoma na besi iache ukitaka. Vijana wa singeli kule Dar walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, na bado ukisikiliza unazitambua noti zetu. Basi hata wewe una ruhusa ya kuharibu, mradi si pale kwenye E.

*Shangazi, shikamoo. Niko Kisumu. Sinthesaiza yangu ya kale nikiiunganisha na laptopu inatoa mvumo "mmmm" usioisha. Nikiitumia na hedifoni zake yenyewe iko safi. Fundi mmoja ameniambia nivunje ile pini ya tatu ya plagi. Nivunje?*
*Mvumo, Kisumu*

Marahaba. Usivunje! Pini hiyo ni ya ardhi, ndiyo inayokuzuia wewe usiwe waya siku kifaa kikipata hitilafu. Huyo fundi mpishie chai umuage.

Chomoa chaja ya laptopu, itumie kwa betri. Mvumo ukikatika umeshampata mwizi: vifaa viwili vimeshika ardhi kwa njia mbili, na umeme wa Hz 50 unazunguka kati yao kupitia waya wako wa sauti. Kwanza chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi inaishia hapo. Ikibaki, nunua kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndani kinachotenganisha sauti na umeme, ukiweke kati ya sinthesaiza na laptopu. Ikiwa hela haipo mwezi huu, rekodi kwa betri. Mimi rekodi zangu safi kuliko zote nimezifanya umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, laptopu kwenye betri na sinthesaiza ndogo ya betri za kawaida mapajani: hakuna friji, hakuna feni, hakuna redio ya jirani. Na jasho, ndiyo.

*Habari za kazi, Bi Shangazi. Mwanangu wa kiume, miaka 19, amejaza chumba nyaya. Amebandika trei za mayai ukuta mzima akasema sauti haitatoka. Inatoka. Saa nane usiku ni "dum, dum, dum" mpaka kitandani kwangu. Niziuze nyaya?*
*Mama wa Temeke*

Nzuri, mama mwenzangu. Nyaya usiuze, kuna moja humo itakuwa ya deni.

Trei za mayai hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza kidogo tu ule mrudio wa sauti za juu ndani ya chumba, na hiyo "dum" haizioni hata kidogo, inapita kwenye ukuta kama hakuna kitu. Spika zake ziko sakafuni? Naamini ziko sakafuni. Aziinue, aziweke juu ya vipande vya godoro la zamani, azisogeze mbali na kona, maana kona huinenepesha besi. Nusu ya shida itaisha. Blanketi zito mlangoni litasaidia kidogo. Kuanzia saa nne usiku ni hedifoni, ziwe zile za kufunika sikio lote, na asubuhi akague besi yake kwa spika wewe ukiwa sokoni. Trei rudisha dukani kwa muuza mayai.